Kabla Hatujasema Kazi ya Mungu Haina Makosa

  Leo neno ni refu kidogo. Weka chai karibu.

Nataka ufanye jambo moja wiki hii. Ukienda mazishi, na najua utaenda kwa maana hapa kwetu wiki haipiti bila mazishi, chukua ile programu yenye picha ya marehemu. Usianze na nyimbo. Tazama chini ya picha, pale wanapoandika jua lilichomoza lini na likatua lini, ufanye hesabu ya kutoa. Kisha rudi nyumbani utoe zile programu nyingine zilizo ndani ya Biblia yako, maana wengi wetu tumezigeuza alama za kurasa. Miaka 34. Miaka 41. Miaka 29, mama aliyekuwa anajifungua. Miaka 52, presha.

Halafu jiulize swali ambalo si adabu kuliuliza matangani: marehemu alikuwa na nini mfukoni?

Zaburi ya 90, ile sala ya Musa, inataja miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu. Sensa ya 2019 ilipopigiwa hesabu, mtoto wa kiume wa Kenya alikadiriwa kuishi karibu miaka 61 na wa kike karibu 67. Hata hiyo ya Musa hatujaifikia. Na hiyo ni wastani, mpendwa. Wastani unamchanganya mwenye nyumba ya geti Nairobi na mama anayechuma majani chai ya watu kwa kilo kule Nyansiongo. Mmoja anauvuta juu, mwingine anauvuta chini. Leo nasema juu ya huyo wa chini, na juu ya maneno tunayoyasema mbele ya jeneza lake.

Tunasema nini? Kazi ya Mungu haina makosa. Siku yake ilikuwa imefika. Mungu amempenda zaidi. Halafu kule jikoni na nyuma ya hema tunanong'ona neno la pili: amerogwa.

Mimi naamini pumzi yetu iko mkononi mwa Bwana. Sijahama hapo na sitahama. Lakini mama akianza kutokwa na damu saa tano usiku, mvua imenyesha, kilima ni utelezi, mwenye bodaboda anataka shilingi 500 na ndani ya nyumba kuna 80, wakangoja kupambazuke, usinisimamishe madhabahuni kesho kutwa nimtwike Mungu kifo hicho. Mungu hakuipandisha nauli.

Fungua Marko 5, kuanzia mstari wa 21. Kuna wagonjwa wawili pale. Wa kwanza ni binti wa Yairo, mkuu wa sinagogi, mtu wa jina. Wa pili ni mwanamke ambaye hata jina hatuambiwi. Binti ana umri wa miaka 12. Mwanamke ameugua miaka 12. Sasa simama katika mstari wa 26, ambao wahubiri wengi tunaupita mbio ili tufike kwenye muujiza. Marko anasema mama huyu alikuwa amewaendea matabibu wengi, amemaliza mali yote aliyokuwa nayo, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Huo ni mstari wa bili. Roho Mtakatifu aliona vyema tuijue hali ya mfuko wa mgonjwa kabla hatujasikia habari za kupona kwake.

Angalia pia jinsi wanavyokuja. Yairo anakuja kwa mbele, anaanguka miguuni, anasikilizwa, na Bwana anaanza safari papo hapo kwenda kwake. Yule mama anakuja kwa nyuma, katikati ya umati, kama mtu anayeiba. Wewe uliyewahi kukaa kwenye benchi ya hospitali tangu saa kumi na mbili asubuhi, ukamwona mtu aliyeshuka kwenye gari akiingizwa kwa mlango wa pembeni, unaujua mstari huu bila kufundishwa. Lakini Yesu anasimama. Mtoto wa mkuu yuko mahututi, na Bwana anasimama katikati ya barabara amsikilize asiye na jina mpaka amalize habari yake yote, kisha anamwita binti. Yairo alikuwa na binti mmoja nyumbani. Siku hiyo akaonyeshwa mwingine barabarani. Na wa kwake hakupotea, alifufuliwa. Nafasi ya maskini haikumpunguzia mwenye nacho kitu.

Sasa niwape ushuhuda ambao haukutoka madhabahuni.

Wazee wetu wanaikumbuka malaria ya milimani. Sisi wa vilima hivi hatukukua na mbu kama jirani zetu wa ziwani, kwa hiyo miili yetu haina kinga kama yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ugonjwa ulipanda huku kwa milipuko baada ya mvua, ukawapiga watoto na watu wazima pamoja. Baadaye watafiti wa KEMRI, Abdisalan Noor na wenzake, wakafuatilia watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya 4: Bondo, Kwale, Makueni na Kisii Kubwa, yaani sisi. Mwaka 2004 chandarua chenye dawa kilikuwa kitu cha kununua dukani. Watoto waliolala ndani yake walikuwa kama 7 kati ya 100. Mwaka 2005 kikatolewa kwa bei ya chini sana kliniki za mama na mtoto, wakafika karibu 24. Mwaka 2006 serikali ikagawa bure, zaidi ya vyandarua milioni 3 nchi nzima, wakafika 67. Wakati wa kununua, mtoto wa mwenye nacho alikuwa mbele sana ya mtoto wa maskini. Wakati wa bure, pengo likakaribia kwisha. Na utafiti mwingine wa wilaya hizo hizo, uliotoka mwaka 2007, ulionyesha kwamba kwa watoto waliolala ndani ya chandarua vifo vilipungua kwa asilimia 44.

Rudia kusoma hapo. Asilimia 44, kwa kitambaa chenye matundu.

Fikiri pamoja nami. Kama wale watoto walikuwa wanakufa kwa sababu siku yao ilifika, neti iliisogezaje hiyo siku? Kama lilikuwa jicho la jirani, jicho huzuiwa na neti? Waliozikwa 2004 hawakuwa na dhambi kuliko waliopona 2006, wala mama zao hawakuomba kidogo. Kilichobadilika ni bei. Nchi nzima imeona jambo hilo: mwaka 2003 watoto 115 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5, na mwaka 2022 walikuwa 41. Hao 74 waliobaki ni madarasa mawili ya shule ya msingi. Tuliwaombea, ndiyo. Na mtu pia aliwapelekea neti, chanjo na dawa hadi mlangoni.

Najua kuna ndugu ataandika hapa chini: Mchungaji, presha, sukari na moyo ni magonjwa ya matajiri, maskini wana mboga na kazi ya shamba.

Ndugu yangu, hata Waingereza waliamini hivyo. Mwaka 1967 pale London walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 wa ofisi za serikali, utafiti ulioitwa Whitehall, ambao Profesa Michael Marmot aliuandikia sana. Hao si watu wa kulala njaa. Wote wana mshahara, wote wanatibiwa na serikali bila kulipa hospitalini. Watu walidhani mkubwa mwenye mawazo mengi ndiye moyo wake utamshinda. Wakakuta kinyume. Wajumbe na mabawabu, wa ngazi ya chini kabisa, walikufa kwa kiwango cha mara 3 kuliko wakubwa wa ngazi ya juu. Na haikuwa juu na chini tu. Ilikuwa kama ngazi ya nyumba, kila kidato ukishuka, vifo vinapanda. Sigara ilieleza sehemu yake, lakini ilibaki sehemu kubwa ambayo sigara haikuieleza. Miongoni mwa mambo waliyoanza kuyatazama ni kazi isiyompa mtu usemi wowote: kuamrishwa siku nzima, kutojua kesho, kutoheshimiwa.

Nikisoma hayo namwona soja wetu aliyetoka Manga, anayelinda usiku Nairobi miaka 15, mchana halali kwa sababu ana kibarua kingine cha mjengo. Namwona mchonga mawe wa Tabaka anayevuta vumbi mwaka mzima ili sanamu ing'ae mezani mwa mtu wa Ulaya. Na hiyo mboga mnayosema? Sensa ya 2019 ilikuta Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Shamba la babu limegawanywa mara ya tatu, ya nne, limebaki la migomba kadhaa, chai kidogo, na makaburi. Chinsaga inapanda basi la usiku kwenda Nairobi, na mtoto aliyeichuma anakula ugali na chai ya rangi. Maziwa yanauzwa ili sare ya shule inunuliwe. Maskini wa leo hapa kwetu ana presha bila kuwa na nyama.

Ni kweli pesa haizuii kifo. Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, nchi hii iliwapoteza Bob Collymore wa Safaricom, Mbunge Ken Okoth na Gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote kwa saratani. Tuliwalilia na ilikuwa haki. Lakini wote watatu walipata nafasi ya kutibiwa ng'ambo. Walipigana wakiwa na silaha. Mama wa kijijini kwetu mwenye uvimbe titini, kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye tiba ya mionzi ilikuwa Kenyatta peke yake. Kwanza atafute nauli, kisha jamaa wa kumlaza Nairobi, kisha foleni. Wengi wao walirudi na dawa za maumivu na anwani ya mchungaji.

Hapo ndipo nataka kusema neno gumu kwa nyumba yetu, nyumba ya Wapentekoste.

Kwanza, uchawi. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hapa Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake 4 wazee wakauawa hivyo hivyo. Kijana mmoja anakufa au anaugua ghafla, hakuna aliyempima, hakuna ajuaye alikuwa na nini, na kwa sababu hatuna jibu tunatafuta mtu. Tunamtafuta wapi? Sijasikia hata siku moja umati ukivamia nyumba ya ghorofa yenye mbwa na ukuta. Wanakwenda kwa omong'ina aliyebaki peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Umaskini umeua kijana, kisha umetumwa kumwua na bibi yake. Mtumishi yeyote anayeposti unabii wa jirani anayekuloga, ajue kiberiti kiko karibu na maneno yake.

Pili, dawa. Mimi naombea wagonjwa, nawawekea mikono, na nimeona Bwana akiponya. Lakini ukiombewa presha, rudi upimwe, na endelea na vidonge mpaka aliyekuandikia akuambie acha. Luka alikuwa tabibu, Paulo anamtaja hivyo kwa upendo katika Wakolosai 4:14, na hakuna mahali Paulo alimwambia atupe mkoba wake. Aliye na pesa akiacha dawa kwa imani na hali ikabadilika, atakimbizwa kwa gari na kupewa oksijeni ndani ya saa moja. Wewe ukiacha, utabebwa kwa bodaboda katikati ya watu wawili. Imani yenu inaweza kuwa moja. Safari ya hospitali si moja.

Tatu, matanga yetu, na hapa najua nitakosa likes. Umeshawahi kuona kundi la WhatsApp la matibabu ya fulani? Watu wamo, hawasemi. Mmoja anatuma 200, mwingine anaweka emoji ya mikono. Wiki ya tatu mwenye kundi anaomba tena kwa aibu. Kisha mgonjwa anakufa. Kundi hilo hilo linabadilishwa jina, linakuwa la mazishi, na jioni hiyo M-Pesa zinaanza kulia. Ng'ombe anapatikana. Hema mbili, viti, spika, basi kutoka Nairobi, jeneza lenye kioo, mpiga video na sare za wajukuu. Mtu aliyekosa pesa ya kipimo anazikwa kwa pesa ambazo zingemtibu na chenji ikabaki. Sisemi tuwazike watu wetu kama tusiowajua. Sisi Abagusii tunamheshimu marehemu, na hilo ni jema. Nasema heshima ianze kabla jina lake halijaongezewa neno hayati.

Na usikubali kudhulumiwa kwa kutojua. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma ya afya, na inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Yaseme hayo kwa upole kwenye dirisha la malipo, lakini yaseme.

Sasa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Najua mna hasira nayo, na nyingine ni ya haki. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba na maisha yake, anapewa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo. 3,600 kwa pamoja, na hiyo ndiyo ndogo kabisa. Aliyepanga hivyo hajawahi kuuza nyanya Daraja Mbili. Mama wa sokoni hana mwaka mzima mfukoni, ana leo. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopeshwa kisha ulipe kidogo kidogo, na ni afadhali, ingawa bado ni deni. Viongozi wetu wa kaunti hizi mbili wanaokuja ibadani wakati wa kampeni, swali hili nitawauliza kabla sijawapa maikrofoni.

Lakini hasira isikufanye ukae bila kujisajili. Ukisajiliwa tu, hata kabla ya mchango, dispensari na kituo cha afya cha serikali kinapaswa kukutibu bila malipo. Mchango ndio unaofungua hospitali kubwa: kulazwa, upasuaji na mengine. Na sisi wa chai tuna jambo moja ambalo wengine hawana: bonasi. Ndiyo, najua bonasi yetu ya huku ni ndogo kuliko ya Mlima Kenya, na vita hivyo wacha viendelee. Ila pesa hiyo huja mara moja kwa mwaka, na SHA inataka mara moja kwa mwaka. Mwanaume, kabla hujabadilisha simu, kabla hujaweka jiwe la msingi la nyumba ya pili, toa ya SHA kwanza. Iweke karibu na fungu la kumi ikiwa hiyo itakusaidia kukumbuka.

Kwa wale wasio na chai wala mshahara, kanisa lipo kwa ajili gani? Katika Matendo 6 wajane fulani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakutangaza mkesha. Waliitisha mkutano wakachagua watu 7 wenye sifa njema, wakawapa kazi. Ninaomba hapa kwetu tuchague 7. Wawe na daftari la wajane na wazee ambao SHA yao italipwa na fungu la kanisa. Wawe na daftari la wenye presha na sukari, waulizwe kila mwezi kama dawa zimeisha. Na kila mama mjamzito miongoni mwetu awe na nauli ya usiku iliyowekwa tayari, na namba ya mwenye bodaboda au gari aliyekubali mapema, kwa bei iliyokubaliwa mchana. Mzee wa kanisa aliyeniambia pesa hizo zilitengwa kwa ajili ya spika mpya, tumeongea, na spika za zamani bado zinasikika hadi ng'ambo ya mto.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, vijana 6 watakaa chini ya ule mti wa parachichi na simu zao kuwasajili watu. Njoo na kitambulisho na namba yako ya simu, na mzazi alete cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Dada zetu wawili manesi watapima presha kuanzia saa nne, bure, hata kama wewe si wa kanisa letu, hata kama huendi kanisani. Mwenye vidonge nyumbani avilete kwenye mfuko tuone vimebaki vingapi. Na kama jirani yako ni mjane asiye na simu, posti hii haitamfikia. Mpitie Jumapili asubuhi, mje naye.